Nyuzi zote zimetoka rangi moja: pa kutafutia kosa unapotambua aina za nyuzi za misuli

Slaidi ya msuli wenye afya, ikipakwa vizuri rangi ya ATPesi (kimeng'enya cha miosini, protini inayokunja msuli), haina ubishi. Nyuzi nyeusi na nyeupe zimechanganyikana, mipaka iko wazi, na kila uzi una rangi moja toka ukingo hadi ukingo. Kazi huanza siku unapoinamia hadubini ukakuta zote ni kijivu, au zote nyeusi, au uzi uleule ni wa aina ya 1 (ya polepole; ya 2 ni ya kasi) kwenye slaidi hii na kwenye ile unasomeka vingine.

Wengi hukimbilia kulaumu rangi, na mara nyingi rangi haina kosa. Kabla ya kumwaga kemikali, jiulize kwanza slaidi iliyo mbele yako inapima nini. ATPesi inapima kama kimeng'enya cha miosini kimesalimika baada ya kuchovywa kwenye asidi au besi. NADH na SDH, rangi za vimeng'enya vingine, zinafuata mitokondria, vinu vya nishati vya uzi. Kingamwili, protini za kinga zinazoshika lengo moja tu, zinatafuta miosini yenyewe. Hayo ni maswali matatu, na majibu yake hayalazimiki kufanana. Makosa mengi ninayoletewa hayakuwa makosa kabisa: mtu aliuliza swali moja akasoma jibu la jingine.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kile unachokiona na kurudi nyuma hadi chanzo. Umelenga msuli wa binadamu, hasa wa paja, pamoja na panya wa maabara, mkubwa (rat) na mdogo (mouse), kwa sababu ndivyo vinavyofika mezani mara nyingi.

Vitobo ndani ya nyuzi

Ukikuta nyuzi zimejaa vitobo vyeupe, vingine vyenye pembe zilizochongoka, acha rangi kwanza. Hiyo ni barafu. Msuli una maji mengi, na maji yakiganda polepole hutengeneza fuwele kubwa zinazoupasua uzi kutoka ndani. Uzi ukishapasuka hivyo, rangi hubaki kwenye kuta za vitobo tu, na uzi uliopaswa kuwa mweusi unaonekana kijivu. Hapo ndipo mtu anapoandika "rangi dhaifu" kwenye daftari, ilhali kosa lilitokea siku ya kugandisha.

Usichanganye na ugonjwa. Vitobo vya barafu huwa vitupu, vina pembe, na huenea kwenye nyuzi nyingi za eneo moja bila kuchagua, mara nyingi katikati ya kipande ambako baridi ilichelewa kufika. Vakuoli (vifuko) za ugonjwa huchagua nyuzi, kingo zake ni za duara zaidi, na mara nyingi zina kitu ndani, kwa mfano glikojeni (wanga wa akiba) inayoshika rangi ya PAS.

Chanzo kikubwa ni kutumbukiza kipande moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika. Kwa haraka mtu anafikiri: hii ina −196 °C, nitake baridi gani zaidi? Lakini kipande chenye joto kikiigusa, naitrojeni inachemka na kukizungushia tabaka la gesi, na gesi haipitishi baridi vizuri. Kipande kinaganda polepole ndani ya kitu chenye baridi kali kuliko vyote maabara.

Dawa yake ni isopenteni, kimiminika ambacho kikiwa na baridi hakichemki kipande kikiingia. Imimine kwenye kopo la chuma, lining'inize ndani ya naitrojeni, koroga taratibu. Mwanzoni hakuna kinachobadilika. Baadaye chini ya kopo linaanza kuota tabaka jeupe, kama mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya baridi. Isopenteni huganda karibu na −160 °C, kwa hiyo tabaka hilo ndilo kipimajoto chako. Likishashika chini na pembeni huku katikati kukiwa bado kimiminika, ingiza kipande chako cha milimita 5. Sekunde 10 hadi 15 zinatosha. Ukiingiza kabla ya tabaka kuonekana, utarudi kwenye vitobo.

Hapa kwetu pwani kuna hatari ambayo vitabu vya nchi za baridi huipitia juujuu. Isopenteni huchemka kwenye 28 °C hivi. Chupa iliyokaa juu ya meza Dar es Salaam mchana wa Februari inaweza kukurushia mvuke usoni ukiifungua, na mvuke huo unashika moto upesi. Itunze kwenye jokofu lililokubaliwa kwa vitu vinavyowaka, ifungue ikiwa ya baridi, na usiifungue karibu na kitu chochote chenye cheche. Naitrojeni nayo isifunguliwe kwenye chumba kidogo kisicho na hewa. Inasukuma oksijeni nje na hutasikia harufu yoyote ya kukuonya.

Kama kikwazo chako ni kuipata hiyo naitrojeni, waulize watu wa mifugo. Wahimilishaji wanaozunguka na mitungi ya mbegu za madume hawawezi kufanya kazi bila naitrojeni, na kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, kinaitumia kila siku. Kenya kuna kituo kama hicho Kabete. Nimeona maabara za binadamu zikihangaika kuagiza kutoka mbali huku chuo cha mifugo jirani kina mtungi umejaa.

Chanzo cha pili ni maji ya nje. Kipande kilichofika kikiogelea kwenye maji ya chumvi ya dripu kimeshalowa, na maji hayo yataganda ukingoni. Kipande kiletwe kikiwa kimefungwa kwa shashi iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa, ndani ya kikopo kilichofungwa, kikopo kikae juu ya barafu. Kisiachwe kikauke pia. Ukingo uliokauka unapokea rangi nyeusi ya uongo.

Chanzo cha tatu hakionekani kwa macho. Friza ya −80 °C ikizimika kwa kukatika umeme na jenereta ikachelewa, kipande hakihitaji kuyeyuka ndipo kiharibike. Fuwele ndogo zinaungana kuwa kubwa joto likipanda tu, kisha friza inarudi na kila kitu kinaonekana kama kawaida. Hali ni hiyohiyo kwa kipande kilichosafirishwa na barafu ya kawaida badala ya barafu kavu, au kilichoshikwa kwa koleo lenye joto la chumba. Ukikitoa kwenye −80, kipe nusu saa ndani ya kriostati (mashine ya kukatia mikato myembamba ndani ya baridi) kwenye −20 hadi −24 °C kabla ya kukata. Ukikikata kikiwa baridi mno kitapasuka mistari mistari, na hilo nalo huonekana kama ugonjwa.

Je, kipande kilichoharibika kinaokoleka? Wapo wanaokiyeyusha haraka na kukigandisha upya ipasavyo, na vitobo hupungua. Ukifanya hivyo, anza na nusu ya kipande, andika kwenye daftari, na usitegemee vipimo vya ukubwa wa nyuzi kutoka hapo.

Zote nyeusi, au zote nyeupe

Weka kwanza kawaida yake mbele. Kwa binadamu, ukianza na besi ya pH 9.4, nyuzi za aina ya 1 zinatoka nyeupe na za aina ya 2 nyeusi. Ukitanguliza asidi ya pH 4.3 mambo yanageuka: aina ya 1 nyeusi, aina ya 2 nyeupe. Kwenye pH 4.6 unapata rangi tatu: aina ya 1 nyeusi, 2A nyeupe, na zile zilizobaki za kundi la 2 ziko kati. Mpangilio huu ndio ambao Brooke na Kaiser waliuweka mwaka 1970, na bado unatumika.

Usisome slaidi ya asidi peke yake. Iwe na mwenzake wa besi kutoka mkato unaofuata, zipakwe siku moja kwa vimiminika vilevile. Mwenzake ndiye shahidi. Ikiwa slaidi ya 4.3 imefifia yote lakini ya 9.4 iko sawa, ATP yako (chakula cha kimeng'enya) nzima, kobalti yako (inayoleta weusi) nzima. Kosa liko kwenye bafa ya asidi, yaani kimiminika kinachoshikilia pH. Ikiwa zote mbili zimefifia, acha bafa na uende kwenye ATP na hatua zinazofuata.

Bafa ya asidi hukosea kwa njia mbili. Ikishuka chini ya 4.2, au mikato ikikaa humo kupita muda, hata aina ya 1 inakufa na slaidi inakuwa nyeupe yote. Ikipanda, nyuzi za aina ya 2 zinaanza kusalimika: kwanza zinatokea rangi za kati ambazo hukuzitegemea kwenye 4.3, na ukizidi 4.7 karibu kila kitu kinakuwa cheusi. Kwa hiyo slaidi ya "4.3" yenye rangi tatu safi si muujiza. Ni bafa ya 4.6 iliyoandikwa vibaya, au mita iliyopotoka.

Mita ya pH isawazishwe asubuhi hiyohiyo, kwa bafa ya 4 na ya 7 unapotengeneza asidi, na kwa ya 7 na ya 10 unapotengeneza besi. Mtu anayesawazisha kwa 7 na 10 kisha akapima 4.3 amejitengenezea tatizo mwenyewe. Elektrodi iliyoachwa ikakauka wikendi nzima nayo hudanganya kwa sehemu ya kumi ya pH, na kwenye kazi hii sehemu ya kumi ndiyo tofauti kati ya jibu na upuuzi.

Halafu joto. Maelekezo mengi yanaposema "joto la chumba" yanamaanisha 20 hadi 22 °C. Chumba chako kina 30. Kwenye joto hilo asidi inaua kimeng'enya haraka zaidi, na dakika 5 za kitabu zinakuwa nyingi mno. Ama weka bafa kwenye chombo cha maji chenye joto unalolijua, ama punguza muda. Usifanye kubahatisha: chukua mikato ya ziada ya msuli unaoufahamu, tengeneza bafa kuanzia 4.2 hadi 4.7 kwa hatua za 0.05, zipake zote siku moja, kisha chagua ile inayotenganisha vizuri. Thamani utakayoipata ni ya chumba chako na mnyama wako. Panya hafuati namba za binadamu, na ng'ombe naye ana zake, kunakili 4.3 ya binadamu kwenye msuli wa panya ni chanzo cha slaidi nyingi zinazotupwa.

Kama shahidi wa besi naye amefifia, angalia ATP. Unga wake unakaa −20 °C na kimiminika kinatengenezwa siku ya kazi. Jambo linalosahaulika: chumvi ya ATP ina asidi. Ukiiongeza kwenye bafa ya 9.4 uliyoipima vizuri, pH inashuka, na usipoirudisha juu, mikato yako inafanya kazi kwenye pH usiyoijua. Pima baada ya kuongeza ATP. Kisha hakikisha kalsiamu imo. Bila kalsiamu, fosfeti inayotolewa na kimeng'enya haina cha kushikamana nacho, inaoshwa, na hakuna cha kupaka rangi.

Barbitali ya bafa za zamani inadhibitiwa kama dawa, na kibali chake kinaweza kuchukua muda kuliko utafiti wenyewe. Bafa ya aseteti kwa asidi na ya glisini kwa besi zinafanya kazi. Ila ukibadilisha bafa, rudia ule mfululizo wa pH tangu mwanzo.

pH 4.6 imegoma kutoa rangi ya tatu

Mara nyingi ni pH tena: imeteleza kidogo kwenda 4.4 na nyuzi za kati zimekuwa nyeupe. Lakini kabla ya kurudia, jiulize kama nyuzi hizo zipo kabisa. Mtu anayefanya mazoezi ya mfululizo hubaki na nyuzi chache sana za 2X (ndizo hizo za kati), kwa sababu mazoezi huzisogeza kuelekea 2A. Msuli wa soliasi (wa ndani ya shavu la mguu) wa panya mkubwa wa maabara karibu wote ni aina ya 1. Ukitafuta rangi tatu hapo utazeeka. Weka kila mara mkato wa msuli mchanganyiko, kwa mfano gastroknemio (msuli mkubwa wa shavu la mguu), kwenye slaidi ileile. Rangi ya tatu ikionekana kwenye msuli huo na isionekane kwenye sampuli, amini sampuli.

Ukungu wa kahawia na madoa meusi

Hii ni fupi. Weusi wa mwisho ni salfaidi ya kobalti. Kobalti isipooshwa vya kutosha kabla ya salfaidi ya amonia, weusi unatanda hata kwenye tishu unganishi ambako hakuna miosini. Osha kwa mabadilisho kadhaa. Lakini usioshe kwa bafa ya fosfeti, hata kama ndiyo chupa iliyo karibu: fosfeti yake inaungana na kalsiamu na kukuwekea punje nyeusi kila mahali. Maji yenye asidi nayo ni hatari ya upande mwingine, yanayeyusha kile ulichotaka kukiona. Salfaidi ya amonia iliyozeeka hutoa kahawia hafifu badala ya nyeusi. Izimue upya, ndani ya kabati la kuvutia hewa, na mabaki ya kobalti yasimwagwe kwenye sinki.

ATPesi inasema hivi, NADH inasema vile

Katika msuli wa kawaida wa binadamu, NADH hutoka nzito kwenye aina ya 1 na hafifu kwenye 2X, na 2A ikiwa kati. Kutokana na hilo watu huanza kuiita slaidi ya NADH "slaidi ya aina". Siyo. Inaonyesha wingi wa mitokondria na utando wa ndani ya uzi, na vitu hivyo hubadilika kwa mazoezi, kwa kulala kitandani na kwa ugonjwa, wakati miosini bado ni ileile.

Kwenye panya mdogo mtego ni mkali zaidi. Kwake nyuzi za 2A zinaweza kushika SDH kwa nguvu kuliko za aina ya 1. Anayeziita nyuzi nzito "za polepole" atageuza matokeo yote juu chini, na hesabu itatoka nzuri tu; hakuna kitakachomshtua.

Ukiona uzi wenye duara hafifu katikati kwenye NADH huku ATPesi yake ni ya aina moja, usirudie rangi. Huenda unatazama umbo la shabaha la uzi uliopoteza neva, au kiini cha ugonjwa wa kuzaliwa. Hilo ni la kumwonyesha daktari wa patholojia.

Kingamwili hazing'ai, au kila kitu kinang'aa

Nyingi kati ya kingamwili zinazotumiwa zaidi zilitoka kwa kundi la Stefano Schiaffino huko Padova, Italia, na nyingi zinapatikana kwenye benki ya hibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. BA-D5 hushika aina ya 1, SC-71 hushika 2A, BF-F3 hushika 2B, na 6H1 hushika 2X. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuzichanganya kwenye mkato mmoja kwa sababu si za tabaka (jamii ya kingamwili) moja: BA-D5 ni IgG2b, SC-71 ni IgG1, BF-F3 ni IgM. Ubaya wake uko hapohapo.

Ikiwa rangi zote tatu zimetokea kwenye nyuzi zilezile, karibu hakika kingamwili ya pili (yenye rangi, inayoishika ya kwanza) uliyonunua ni ile ya jumla dhidi ya panya, inayoshika minyororo myepesi ya tabaka zote. Haina uwezo wa kutofautisha. Nunua zinazochagua IgG2b, IgG1 na IgM kila moja peke yake. Na ikiwa BF-F3 au 6H1 tu ndiyo imekataa huku nyingine ziking'aa, angalia kama kingamwili ya pili inajua IgM. Inayotambua IgG tu itakupa giza tupu, nawe utadhani ile ya kwanza imekufa.

Kila kitu kinang'aa kwenye msuli wa panya mdogo? Kingamwili zako zimetengenezwa na panya mdogo, na tishu yake ina kingamwili zake mwenyewe. Ya pili inazishika zote. Kwenye msuli mzima hali huvumilika. Kwenye msuli ulioumizwa, nyuzi zinazokufa hujaa IgG kutoka kwenye damu na kuwaka kuliko zote. Tumia kizuizi cha vipande vya Fab (ncha za kingamwili zinazoshika) dhidi ya panya, na usikose mkato mmoja usiopewa kingamwili ya kwanza. Mkato huo ukiwaka, unajua la kufanya bila kubahatisha.

Mwanga wa kijani kwenye msuli wa mzee mara nyingi ni lipofusini. Hauhusiani na kingamwili. Upo hata kwenye mkato mtupu.

Zaidi ya hayo, kingamwili hizi zinapenda mikato iliyogandishwa bila kufiksi (kukaza tishu kwa kemikali). Mtu anayefiksi kwa paraformaldehidi kwa mazoea hupunguza nguvu yake mwenyewe, kisha anaongeza kipimo cha kingamwili kufidia, na anaishia na usuli mchafu.

"Sioni 2B kwenye sampuli ya binadamu"

Huioni kwa sababu haipo. Misuli ya miguu na mikono ya binadamu haitengenezi protini ya 2B, ingawa jeni lake, MYH4, tunalo. Zile nyuzi ambazo ATPesi iliziita 2B tangu 1970 zina miosini ya 2X, na hilo lilionyeshwa mwaka 1994 na Smerdu, Schiaffino na wenzao. Kwa hiyo ripoti ya zamani ya hospitali ikisema 2B kwa mgonjwa, soma 2X. Ripoti ya panya ikisema 2B, soma 2B. Usinunue BF-F3 kwa ajili ya paja la binadamu.

SC-71 nayo ina tabia yake kwa binadamu: inashika 2A kwa nguvu, na 2X kwa mbali. Uzi hafifu usiuandike kuwa 2A dhaifu. Weka kizingiti baada ya kutazama 6H1 kwenye mkato unaofuata.

Uzi wenye rangi mbili, na uzi usio na rangi

Uzi unaoshika BA-D5 na SC-71 pamoja unaweza kuwa mseto wa kweli, unaohama kutoka aina moja kwenda nyingine. Hutokea kwa mazoezi, kwa kuumia uti wa mgongo, kwa umri. Kwenye ATPesi huyo ndiye 2C: unabaki mweusi kiasi kwenye asidi na kwenye besi pia. Mtu mzima mwenye afya huwa na wachache tu. Ukiwaona wengi ghafla, tazama ukubwa. Wakiwa wadogo na wa duara, huenda ni nyuzi zinazojijenga upya, zenye miosini ya utotoni, na kingamwili ya miosini hiyo itamaliza ubishi. Wakiwa wa ukubwa wa kawaida lakini wamejipanga kandokando ya mkunjo wa mkato, ni mkunjo. Tabaka mbili zimelaliana na rangi zao zimejumlishwa.

Uzi usiong'aa kabisa kwenye mchanganyiko wa kingamwili za rangi tatu kwa panya huitwa 2X kwa kuondoa: si 1, si 2A, si 2B. Mimi siamini jibu la kuondoa mpaka nione ushahidi wake. Eneo lililokauka wakati wa kupakwa halishiki chochote. Povu la hewa halishiki chochote. Uzi uliong'oka kwenye kioo ukaacha nafasi tupu nao ni "2X" kwa programu ya kuhesabu. Paka laminini, protini ya ukingo wa uzi, kwa rangi ya nne ili mipaka ionekane, na mkato unaofuata upewe 6H1, au BF-35 ambayo kwa panya hushika nyuzi zote isipokuwa 2X. Uzi uliokosa rangi kwenye mchanganyiko na ukawaka kwenye 6H1, huo andika.

Sampuli imeshaingia kwenye formalini

Hutokea mno, hasa pale daktari wa upasuaji anapokuwa na chupa moja tu chumbani. ATPesi, NADH na SDH zimekwisha, usizijaribu. Bado unaweza kutenganisha polepole na kasi kwenye nta ya parafini, kwa kingamwili kama NOQ7.5.4D ya miosini ya polepole na MY-32 ya kasi, baada ya kuchemsha mikato kwenye bafa ili kufungua antijeni. Utapata makundi mawili. Kutenganisha 2A na 2X kwenye nta ni kazi ngumu, na ripoti iseme waziwazi kuwa haikufanyika. Wakati ujao piga simu chumba cha upasuaji asubuhi kabla mgonjwa hajaingia.

Rangi ni nzuri, hesabu ndiyo haieleweki

Mtu mmoja, paja lilelile, mara ya kwanza aina ya 1 ni asilimia 42, mara ya pili 58. Kabla ya kusema mazoezi yamebadilisha msuli, kumbuka msuli wenyewe haufanani kila mahali. Lexell na wenzake walikata msuli mzima wa nje ya paja (vastus lateralis) mwaka 1983 na kuonyesha kuwa nyuzi za aina ya 1 huongezeka unavyozidi kwenda ndani. Sindano ya Bergström (ya kuchukulia kipande cha msuli) iliyoingia sentimita moja zaidi imeleta msuli mwingine. Andika kina cha sindano. Kwenye gastroknemio ya panya tofauti ni kubwa zaidi: sehemu nyekundu ya ndani na sehemu nyeupe ya nje ni kama misuli miwili, na kipande kilichokatwa bila kuangalia upande hakilinganishwi na kingine. Kumbuka pia kwamba soliasi ya panya mdogo ina 2A nyingi pamoja na aina ya 1, kwa hiyo namba za panya mkubwa usizitegemee kwake.

Halafu mkato wa mshazari. Nyuzi zikionekana ndefu kuliko upana, eneo la kila moja limevimba kwa uongo. Kipimo cha kipenyo kidogo kabisa huvumilia mshazari, eneo halivumilii. Bora zaidi, geuza kipande kwenye kriostati na ukate upya mpaka nyuzi ziwe za duara.

Asilimia nayo ni ya nini? Chukua nyuzi 100, nusu aina ya 1 zenye mikroni za mraba 4,000 kila moja, nusu aina ya 2 zenye 6,000. Kwa idadi, aina ya 1 ni asilimia 50. Kwa eneo ni 40. Ukilinganisha matokeo yako na jeli ya protini, linganisha eneo, kwa maana jeli hupima wingi wa miosini na haijui idadi ya nyuzi. Maabara mbili zimewahi kubishana bure kwa sababu hii tu.

Na usiharakishe kusoma hatima ya mtu kwenye asilimia. Bengt Saltin na wenzake walipolinganisha misuli ya miguu ya wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, matokeo waliyochapisha mwaka 1995, mgawanyo wa aina za nyuzi ulikaribiana. Mwanafunzi anayekuja na slaidi moja ya nyuzi 60 akitaka kueleza Eldoret nzima, mrudishe kwenye kriostati. Hesabu nyuzi mia kadhaa kutoka maeneo tofauti ya mkato, acha zilizo ukingoni na zilizokunjwa, funika jina la sampuli unapohesabu, na uwe na safu ya nyuzi zisizotambulika. Wasomaji wawili wahesabu slaidi ileile kila mmoja peke yake. Wasipokubaliana juu ya uzi, uende kwenye safu hiyo, na safu ikizidi kujaa, rudi kwenye pH.